Jino Katika Tarumbeta ya Mayestro

Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, nina watoto waliokua, mume mmoja na cherehani mbili, siku niliyoamua kwamba nitapiga tarumbeta.

Hakuna aliyenishauri. Nilikuwa katika kibanda changu cha ushonaji huku mtaani kwetu Kabondo, nampima mteja kiuno, pini zimenijaa mdomoni, ndipo fanfari ya parokia yetu ikapita barabarani. Fanfari ni ile bendi ya matarumbeta na ngoma inayotangulia maandamano ya kanisa. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi kuifikiria zaidi ya ninavyoifikiria mvua. Lakini siku hiyo walisimama mbele ya kibanda kungoja lori lipite. Msichana mmoja wa mstari wa nje akainua tarumbeta yake akapuliza, na ile sauti ikaingia ndani, ikapita juu ya majora ya vitenge, ikanigonga hapa, chini ya koo. Lori likapita, fanfari ikaondoka, nami nikatoka nje nikaifuata. Nilifika hadi njia panda nikiwa bado nimeshika ncha moja ya utepe wa kupimia. Mteja wangu alikuwa ameshika ncha ya pili, anakimbia nyuma yangu, anauliza, "Mama, tunaenda wapi?"

Nilitaka kumjibu, lakini mdomo ulikuwa na pini.

Jioni nilimwambia mume wangu. Yeye ni fundi wa pikipiki, ana gereji yake ndogo upande wa pili wa uwanja wetu, na ni mtu asiyeshtuka haraka. Alikuwa anakula lituma, ndizi zilizopondwa vizuri na mafuta ya mawese, na hakuacha kutafuna.

"Papa," nikamwambia, "nataka kujifunza tarumbeta."

"Ile ya kupuliza?"

"Ile ya kupuliza."

Akameza. Akachukua tonge lingine, akaliviringa, akalitazama. "Bon, sawa," akasema. "Lakini usinipulizie mimi."

Aliyeshtuka ni binti yetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu na aliona aibu hata nilipobishana na muuza samaki. "Mama, pitié, nionee huruma! Batu watasema nini?"

"Watasema mama yako anapiga tarumbeta."

"Ndiyo hiyo!" akalia. "Ndiyo hiyo ninayoogopa!"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nyuma ya kanisa, mahali fanfari inapofanyia mazoezi. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye tumbo la heshima na filimbi shingoni, na kila mtu alimwita Mayestro. Alikuwa amekaa kwenye benchi amelikumbatia tarumbeta kubwa kuliko yote, lile la besi, ambalo kinywa chake kinatazama juu kama sufuria inayongoja maji.

"Karibu, mama. Unaandikisha mtoto?"

"Hapana, Mayestro. Najiandikisha mimi."

Akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine. "Mama yangu," akasema kwa upole, "hapa batoto wanaanza na miaka kumi."

"Basi nimechelewa kidogo."

Vijana waliokuwa karibu wakaangua kicheko, naye akacheka, tumbo likaruka juu ya besi. Kisha akanipa kipande kidogo cha shaba, kile cha kupulizia kinachowekwa mdomoni, bila tarumbeta lenyewe. Akaniambia nikaze midomo na kuitetemesha. Nikafanya. Ikatoka sauti ya nyuki mwenye hasira. Mayestro akaacha kucheka. "Ah bon! Midomo iko!" Nadhani ni zile pini. Miaka yote ile ya kubana pini kwa midomo ilikuwa imenijenga misuli ambayo sikujua ina kazi nyingine duniani.

Akaniletea tarumbeta. Lilikuwa limebonyea ubavuni, na pistoni yake ya katikati, kile kibonyezo unachokandamiza kwa kidole, ilikuwa ikishuka haipandi. "Hii iko mgonjwa," akasema, "lakini itakuvumilia. Ukiweza kuandamana nayo sikukuu ya parokia ijayo, nafasi yako iko."

Nilirudi nyumbani kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli, tarumbeta kifuani, nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyepewa mchumba. Kijana aliyekuwa anaendesha akageuza kichwa. "Mama, ni ya mutoto?"

"Ni yangu!" nikampigia kelele sikioni, hata baiskeli ikayumba.

Sauti yangu ya kwanza nyumbani sitaisahau. Nilivuta pumzi mpaka vifungo vya blauzi vikalalamika, nikapuliza, ikatoka kitu kama mlango wa zamani unaofunguliwa na mlevi. Kisha mbuzi wa jirani, ng'ambo ya ukuta, akaitika. Nikapuliza tena, akaitika tena, na tukaendelea hivyo kwa muda, yeye akiwa na sauti safi kuliko mimi.

Mwenye mbuzi alikuja kesho yake. Ni mzee wa familia ya Kiislamu ya siku nyingi hapa mjini, mtu wa kanzu nyeupe na maneno machache, na nilipomwona mlangoni roho yangu ilishuka.

"Mama," akasema, "sikuja kukataza. Nauliza tu, ile ugonjwa itachukua muda gani?"

"Papa, ni tarumbeta. Najifunza."

"Ahaa." Akafikiri huku anapapasa ndevu. "Donc, basi, itachukua muda. Bon. Mchana ninalala kidogo. Nikishamaliza sala ya alasiri, miye niko macho, piga mpaka upasuke."

Hivyo ndivyo nilivyopata saa yangu. Baada ya alasiri, kabla ya kuwasha makaa ya chakula cha jioni, nilifunga cherehani, nikaketi kwenye kigoda kando ya ukuta, nikapuliza. Sikuwa na mpango mkubwa. Mayestro alinipa sauti ndefu za kushikilia, do, kisha re, kisha mi, na kazi ilikuwa kuzishikilia bila kutetemeka. Siku nyingine zilitoka. Siku nyingine ilitoka hewa tupu, nami nikakaa pale nikiwa nimeshika shaba baridi na midomo iliyovimba kama ya mtu aliyeumwa na nyigu. Nilijifunza kuzihesabu hata jioni hizo mbaya kuwa zangu. Na nilipokosa, kwa sababu ya harusi iliyoniletea nguo nyingi au kwa uvivu mtupu, mzee alibisha ukuta kwa fimbo yake. "Mama! Leo uko na homa?" Nikaona haya, nikatoa tarumbeta.

Pistoni iliponishinda, mume wangu alilipeleka tarumbeta gereji. Alilifungua lote, akalipanga vipande vipande juu ya gunia, wateja wake wamesimama wanangoja pikipiki zao. "Kumbe hii ni kabureta tu," akasema kwa furaha, akaipaka pistoni mafuta ya injini. Ilipanda na kushuka kama mpya. Kwa mwezi mzima nilinuka pikipiki kila nilipovuta pumzi.

Sikukuu ya kwanza ilipokaribia, malaria ikanikamata. Nililala, nikainuka nimekonda, na midomo ilikuwa imesahau kila kitu. Nilipofika mazoezini Mayestro akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akavua miwani.

"Mama, tarumbeta bado."

"Bado kidogo au bado sana?"

"Bado sana. Lakini huwezi kukaa nyumbani siku ya sikukuu. Chukua matoazi."

Matoazi! Zile sahani mbili za shaba unazogonganisha, kazi wanayopewa watoto wasioweza kukaa kimya. Niliandamana nayo, katikati ya barabara, mbele ya wateja wangu wote, nikiwa nimevaa sare niliyoishona mwenyewe. Niligonga kwa hasira kubwa kiasi kwamba mtoto aliyebeba bendera mbele yangu aliruka kila mara, na bendera ikaruka naye, na watu wa pembeni wakadhani ndivyo tulivyopanga, wakashangilia. Nilipoona wanashangilia nikaanza kucheka, nikagonga zaidi, na ile hasira ikaniishia kabla hatujafika mtoni, ambako maandamano huishia.

Lakini nyumbani, nilipovua viatu, huzuni ikanirudia. Nikamwambia mume wangu labda watu walikuwa na haki, labda mwanamke wa umri wangu atafute kikundi cha kufuma vitambaa. Hakunipa hotuba. Alisema tu, "Tarumbeta nimeshalipaka mafuta. Ukiliacha litashika kutu." Kesho yake, baada ya alasiri, nilijikuta kwenye kigoda. Nilitambua kwamba ile saa nilikuwa nimeipenda yenyewe, maandamano au hakuna. Siku nzima nilikuwa mama wa mtu, mke wa mtu, fundi wa nguo ya mtu. Pale kando ya ukuta nilikuwa mwanafunzi, na hakuna raha kama kuwa mwanafunzi mbaya ambaye jana alikuwa mbaya zaidi.

Mwaka wa pili ulinichukua juu. Nilishika sauti ndefu, nikashika wimbo mfupi, nikashika maandamano yenyewe, yaani ule wimbo tunaoupiga tukitembea. Mzee wa ng'ambo ya ukuta akaanza kutoa maoni. "Leo iko afadhali." "Leo mbuzi amenyamaza, hajui aitikie wapi." Hata binti yetu, akiwa ndani anasoma kwa ajili ya mtihani, alichungulia dirishani akasema bila kunitazama, "Ile ya jana, Mama, ile inayopanda. Rudia." Nilirudia mpaka giza likaingia na chakula kikachelewa.

Ndipo likatokea la jino.

Ilikuwa Jumapili, tunakula maharage aliyopika binti yetu, na kati ya maharage hayo palikuwa na jiwe dogo ambalo hakuliona. Nikauma. Kak! Nikaingiza kidole, nikatoa nusu ya jino langu la mbele la juu. Nikafungua kinywa kusema, "Tarumbeta yangu!" lakini ilitoka, "Farumbefa yangu!"

Binti alijaribu kujizuia. Mume wangu alijaribu zaidi, mpaka machozi yakamtoka. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, kisha nikalia kweli, kisha nikakumbuka nilivyosema, nikacheka tena huku nalia, na maharage yakapoa.

Daktari wa meno aling'oa kilichobaki na kunitengenezea jino la bandia, lenye kishikizo cha kubana kwenye meno ya pembeni. Lilikuwa jeupe kuliko wenzake, kama mgeni aliyevaa vizuri kupita wenyeji. Kwenye kioo lilinipendeza. Kwenye tarumbeta lilikaa siku chache bila tatizo, nikajidanganya kwamba yamekwisha.

Jumamosi tukawa mazoezini, tumekaa kwa duara, Mayestro mbele yangu na besi lake mapajani. Tulikuwa tunamalizia maandamano. Sauti ya mwisho ni fupi na kali, unaipiga na kuachia papo hapo, pah! Nikaipiga kwa moyo wangu wote, nikaondoa tarumbeta mdomoni, na pumzi iliyobaki ikatoka na jino. Nililiona likiruka. Lilipanda polepole, jeupe, likapinda hewani, likashuka ndani ya kinywa cha besi la Mayestro.

Tingi. Halafu, chini zaidi, tingi-tingi.

Mayestro akaangalia ndani ya besi. Akaangalia juu mbinguni. "Nini imeanguka?"

Nilikuwa nimeziba kinywa kwa kiganja. Msichana wa tarumbeta aliyekuwa kando yangu, yule yule wa mstari wa nje, alikuwa ameona kila kitu, na alishindwa kusema kwa sababu alikuwa ameinama, mikono magotini, anakufa kwa kicheko. "Jino," akatoa hatimaye. "Mayestro... jino ya Mama."

Sijawahi kusikia fanfari ikicheka kwa pamoja. Mpiga ngoma kubwa aliteleza akakaa chini mchangani. Mayestro alijaribu kubaki mwalimu. Alilipuliza besi kidogo kuona hali, likatoa sauti yake nzito na nyuma yake kri-kri-kri, kama njuga, na hapo naye akafunika uso kwa kitambaa, mabega yakamruka.

Jino halikutoka. Mabomba ya besi yanajizungusha kama utumbo, nalo lilikuwa limeshaingia kwenye kona ya kwanza. Ikabidi tulipeleke gereji kwa mume wangu. Mayestro akapanda pikipiki ya abiria, besi amelikumbatia mbele yake, mimi nyuma yake nimeziba mdomo, na barabarani watu wakatupungia mikono wakidhani tunapeleka muziki kwenye harusi.

Mume wangu alisikiliza maelezo bila kukunja uso. Akatingisha besi, akategesha sikio. "Iko hapa," akagusa bomba. Basi wakaanza kuligeuza, yeye upande mmoja na Mayestro upande mwingine, polepole, kama wanaume wawili wanaojifunza kucheza dansi na bibi mnene. Kri-kri, jino likasogea. "Zungusha! Hapana, kushoto! Kushoto yako!" Wateja wenye pikipiki wakaacha shida zao wakawa wanaelekeza. Mzee jirani akatokea na fimbo, akauliza kuna msiba gani, akaambiwa, akaomba kiti akae aone vizuri. Mwishowe Mayestro akasema, "Ngoja," akavuta pumzi yote aliyonayo, akapuliza sauti ya chini kabisa, ile inayotikisa vifuniko vya sufuria, na jino likaruka hadi kwenye kiganja cha mume wangu aliyekuwa ameziba kinywa cha besi. Gereji nzima ikapiga makofi. Naye, kwa mazoea ya kazi, akalichovya jino kwenye kopo la petroli, akalifuta kwa kitambaa, akanikabidhi.

"Silifaki!" nikapiga kelele, nikitaka kusema silitaki. Ikabidi anywe maji ili aache kucheka.

Watu walipotawanyika, Mayestro alibaki. Alinywa maji niliyompa, akanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko kicheko chote.

"Mama yangu, jino hii haiwezi kukaa. Na bila jino, hewa inakimbia. Matoazi iko. Ulipiga vizuri mwaka ule."

Nilikuwa na pengo, nilinuka petroli, na nilikuwa nimechoka. Lakini nilishangaa kuona kwamba jibu lilikuwa tayari. "Hapana, Mayestro. Naanza upya. Unipe tena zile sauti ndefu."

"Do?"

"Fo," nikasema. Nilikuwa nataka kusema do.

Nikaanza upya kweli. Bila jino, sauti ya kwanza ilikuwa upepo wenye mate. Mzee aliuliza kutoka ng'ambo, "Mama, unamwaga maji?" Nilijaribu kukiweka kile kipande cha kupulizia katikati, kikazama kwenye pengo. Nikakisogeza kulia, midomo ikauma upande mmoja. Nikakisogeza kushoto kidogo, kidogo sana, mahali ambapo jino zima lililobaki lingeweza kukibeba, na siku moja, katikati ya pumzi na matusi madogo, ikatoka do. Ilikuwa mbaya, nyembamba, imepinda kama mimi nilivyopinda mdomo, lakini ilikuwa do. Nilisimama, kigoda kikaanguka. Nikazunguka uwanja mzima nikiipuliza hiyo hiyo, nikapita gereji, nikapita jikoni, nikarudi. Mume wangu akainua spana kunisalimu.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kila jioni, kama kufagia. Re ikarudi. Mi ikachelewa, ikarudi. Kufika msimu wa sikukuu nilikuwa napiga maandamano yote kwa upande wa kushoto wa mdomo, na Mayestro aliponisikiliza tena, akavua miwani kama mwaka ule, akaifuta, akaivaa. "Mstari wa nje," akasema. "Tarumbeta ya tatu." Nilimkumbatia pamoja na besi.

Asubuhi ya sikukuu mvua ilinyesha kama vile mbingu imekodishwa. Ilipokatika, barabara ilikuwa tope jekundu, na sare nyeupe zilikuwa na madoa kabla hatujaondoka. Mimi nilikuwa na furaha ya kichaa. Nililitoa jino la bandia, nikalifunga kwenye kitambaa, nikampa mume wangu alitunze, nikajipanga mstari wa nje na pengo langu. Njia ilikuwa ile ya kila mwaka: kutoka kanisani, barabara kuu, njia panda, kulia, hadi ukingo wa mto ambako paroko angebariki mitumbwi ya wavuvi.

Mayestro akapuliza filimbi. Tukaanza.

Nitaelezaje? Nyuma yangu ngoma ilikuwa inanisukuma mgongoni, kulia kwangu msichana anapiga tarumbeta ya kwanza, na sauti yangu, ile iliyopinda, ilikuwa ndani ya sauti zao, na haikusikika kupinda tena. Watu walitoka kwenye vibanda. Niliwaona wateja wangu, wamevaa nguo nilizoshona, wananielekezea vidole. Nikafika mahali ule wimbo unapopanda, nikafumba macho nisikosee, nikapanda nao, na ukanishika vizuri hivi kwamba sikuyafumbua tena.

Kwenye njia panda fanfari ilikata kulia. Mimi nilikwenda moja kwa moja.

Kijana aliyekuwa nyuma yangu alikuwa mgeni, alijua kitu kimoja tu: fuata mgongo wa Mama. Ngoma kubwa ikamfuata kijana. Kwaya ya akina mama ikafuata ngoma. Na watu wanne waliobeba sanamu ya mtakatifu wa parokia mabegani, waliokuwa wanatazama miguu yao wasiteleze, wakafuata kwaya. Nilisikia filimbi ya Mayestro ikilia kwa mbali, tena na tena, nikadhani ananisifu. Nikapiga kwa nguvu zaidi.

Nilifumbua macho niliposikia harufu ya samaki wa moshi. Mbele yangu kulikuwa na rundo la pondu, yale majani ya muhogo, na nyuma ya rundo mwanamke amesimama na kisu mkononi, ananitazama kama nimeshuka kutoka mawinguni. Nilikuwa sokoni. Nikageuka, nikaona ngoma, kwaya, sanamu na nusu ya parokia, wote wananingoja mimi. Nifanye nini? Tulikuwa katikati ya wimbo. Nikaendelea kupiga. Yule mama akaweka kisu chini na kuanza kucheza. Wauza kwanga, ile mikate ya muhogo, wakainuka. Wauza mbinzo wakainuka na mabeseni yao ya viwavi kichwani, wanacheza bila kumwaga hata kiwavi, na tukazunguka soko lote hivyo, kwa sababu ndani ya soko hakuna mahali pa kugeuzia sanamu.

Mayestro alitufikia kwa toleka. Alikuwa ameliacha besi lake kwa mtu, amekaa nyuma ya baiskeli, miguu juu, fimbo ya kuongozea hewani, kijana wa watu anakanyaga kwa taabu kwenye tope. "Mama! Mama! Mto iko kule!"

Nikateremsha tarumbeta. "Famahani, Mayestro."

Alinitazama. Akatazama lile soko lililokuwa linacheza. Nikaona tumbo lake linaanza kuruka, kidogo, kisha zaidi. "Alors, haya," akasema, akashuka kwenye baiskeli, "tugeuke wote!" Akainua fimbo, nasi tukageuka, na soko likageuka nasi. Tulifika mtoni tukiwa wengi kuliko tulivyoondoka, na mabeseni. Paroko alikuwa amesimama kando ya mitumbwi na nusu yake ya fanfari, anangoja, vazi limeloa hadi magotini. Akashika kipaza sauti. "Tunawakaribisha," akasema taratibu, "na ndugu zetu waliopitia sokoni." Wavuvi walicheka hadi mitumbwi ikatikisika.

Juma zima sikuthubutu kumwona Mayestro. Nilikuwa nimejiandaa kwa matoazi. Nilishawaambia nyumbani kwamba safari hii sitalia. Jumamosi nikaenda, nikakaa mwisho wa benchi. Mayestro alipanga fanfari upya, akimvuta huyu, akimsukuma yule. Mwisho akanijia, akanishika bega, akanisimamisha katikati kabisa ya safu zote.

"Mbele yako iko mutu," akasema. "Nyuma mutu. Kushoto mutu, kulia mutu. Sasa, Mama, utapotelea wapi?" Kisha akainama akaongeza kwa sauti ndogo, ili wengine wasisikie: "Na Noeli utapiga tarumbeta ya pili. Kuna sol ya juu pale. Iko ngumu."

"Nitaipata."

"Najua. Ndiyo maana nimepanga mapema."

Akarudi mbele, akainua fimbo. Nikaweka tarumbeta mdomoni, upande wa kushoto, nikavuta pumzi, na kwa bahati mbaya nikamtazama mpiga ngoma, ambaye alikuwa ameziba kwa kofia yake kinywa cha besi lililokuwa benchini, kwa tahadhari, jino lisije likaruka tena. Nikacheka, pumzi yote ikanipotea, Mayestro akashusha fimbo, tukalazimika kuanza tena.